Kompyuta ya molekuli haiwaki: tuanzie wapi?

Simu ililetwa asubuhi, haichaji. Ukiubana waya kwa kidole inachaji, ukiachia inakata. Kijana ninayemfundisha kazi akaiweka chini ya hadubini, akagusa miguu ya tundu la chaji mmoja mmoja kwa ncha ya mita. Mitatu ikalia. Wa nne ukalia, ukanyamaza, ukalia tena. Risasi ya kuchomelea ilikuwa na ufa ambao jicho tupu halioni, na mguu umekaa tu juu yake kama mgeni aliyeketi ukingoni mwa kiti.

Alikuwa ameshika pasi ya kuchomelea aliponiuliza. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu, anasubiri chuo, na usiku anasoma mambo kwenye simu. "Fundi, wenzetu wameshatengeneza transista ya molekuli moja. Sasa mbona kompyuta yake hatuioni? Ingeletwa hapa mezani haiwaki, tungeanzia wapi?" Transista ni ile swichi ndogo ya umeme inayojenga kompyuta.

Nikamjibu kwa mazoea: "Kwenye viungo, kama siku zote." Akacheka, akajua namkwepa, na kweli nilikuwa namkwepa. Ila nilipokaa kusoma nikakuta jibu langu la mkwepo lilikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyostahili. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na kwa fundi mwingine yeyote mwenye udadisi. Hapa Moshi sina mashine hizo, na matatizo ninayoyaeleza yalitokea kwenye maabara za Marekani, Uswisi, Uholanzi na China. Nimeyapanga tunavyopanga kazi zetu: dalili, chanzo, na dawa zilizojaribiwa.

Kabla ya kufungua kifuniko

Shika kipimo kwanza. Kwenye bodi za simu kuna rezista zenye urefu wa milimita 0.6, ukipiga chafya umeipoteza, utaitafuta sakafuni mpaka jioni. Molekuli iliyopimwa sana kwenye fani hii ni pete ya benzini yenye atomu ya salfa kila upande, na urefu wake ni kama nanomita 0.8 (nanomita ni mita moja ukiigawa kwa bilioni). Kwenye urefu wa ile rezista moja zingejipanga molekuli 750,000 hivi, moja nyuma ya nyingine.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1974 Arieh Aviram na Mark Ratner waliandika kwamba molekuli moja, yenye upande unaopenda kutoa elektroni na upande unaopenda kupokea, ingeweza kufanya kazi ya diodi, yaani kupitisha umeme upande mmoja tu. Yalikuwa mahesabu ya karatasini. Chombo cha kuifikia molekuli moja kilipatikana mwaka 1981, pale Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa maabara ya IBM karibu na Zurich walipotengeneza hadubini inayopitisha sindano kali mno juu ya uso wa metali bila kuugusa, ikisoma umeme unaopenya kwenye pengo. Wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Dalili: kila ukipima unapata jibu jingine

Hii ndiyo dalili kuu, na hapa nitakaa sana.

Chukua rezista ya omu 10,000, ipime leo, ipime kesho, mpe mwenzako aipime: ni omu 10,000. Sasa tazama ile molekuli ya benzini na salfa. Mwaka 1997 Mark Reed wa Yale, James Tour na wenzao walikunja waya mwembamba wa dhahabu polepole hadi ukakatika, ndani ya kimiminika chenye molekuli hizo. Kimiminika kikakauka, nao wakazisogeza ncha mbili hadi molekuli ikaziba pengo. Ukinzani walioupata ulikuwa karibu omu milioni 22. Mwaka 2004 kundi la Nongjian Tao huko Arizona likapima molekuli hiyo hiyo kwa njia nyingine. Jibu: kama omu milioni 1.2. Tofauti ni karibu mara ishirini, na molekuli haijabadilika hata atomu moja.

Kabla hujamlaumu mtu, kagua mtikisiko. Lori la mchanga likipita mbele ya kibanda changu, picha kwenye hadubini inacheza kama televisheni ya zamani yenye antena mbovu. Kwenye hadubini ya sindano, ncha ikisogea nanomita 0.1 tu umeme unabadilika takriban mara kumi. Ndiyo maana mashine hizo huning'inizwa kwenye springi au kuwekwa juu ya meza zinazoelea kwa hewa, mara nyingi kwenye vyumba vya chini kabisa vya jengo. Lakini hata ukimaliza mtikisiko wote, majibu bado yatatawanyika.

Chanzo ni kiungo. Tunaposema "ncha ya dhahabu" tunafikiria kitu kama sindano ya cherehani. Ukiisogelea vya kutosha utaona lundo, kama kokoto zilizomwagwa kando ya barabara. Atomu ya salfa inaweza kukaa kileleni mwa atomu moja ya dhahabu, au katikati ya mbili, au kwenye kishimo kilichozungukwa na tatu, na kila mkao unapitisha umeme kwa kiasi chake. Tena dhahabu kwenye joto la kawaida la chumba haitulii: atomu za juu zinahamahama. Ukitenganisha ncha na kuzirudisha, lundo si lile la mwanzo. Ni sawa na fundi anayepewa tundu jipya la chaji kila anapopepesa macho.

Molekuli nayo ina tabia zake. Mwaka 2006 Latha Venkataraman na wenzake wa Columbia walipima molekuli zenye pete mbili za benzini zilizounganishwa. Pete zikilala bapa, kama maandazi mawili kwenye sahani moja, umeme unapita vizuri. Moja ikisimama kwa ubavu dhidi ya nyenzake, umeme unapungua sana. Kwa hiyo hata viungo vikiwa safi, molekuli ikijipinda tu umepata kifaa kingine.

Dawa ya kwanza ni kuacha kuamini kipimo kimoja. Mwaka 2003 Bingqian Xu na Tao walichomeka ncha ya dhahabu kwenye bamba la dhahabu, wakaivuta hadi ikakatika, wakairudisha, wakavuta tena, maelfu ya mara, kisha wakachora chati ya majibu yanayojirudia zaidi. Kuna alama nzuri njiani ambayo naipenda kama fundi: dhahabu ikinyooshwa hadi kubaki mnyororo wa atomu moja, ukinzani wake unasimama karibu omu 12,900. Namba hiyo haitegemei kiwanda wala mtu, imetokana na chaji ya elektroni na namba ya Planck, ambazo hazibadiliki. Ukiiona kwenye mita, ujue umefika kwenye atomu ya mwisho. Kwenye ngazi ndogo zinazofuata baada ya hapo, ukinzani ukiwa mkubwa zaidi, ndipo molekuli inapojitambulisha.

Dawa ya pili ni kubadilisha gundi. Badala ya salfa, kundi la Venkataraman walitumia amini, yaani kichwa chenye nitrojeni. Amini inashika dhahabu kwa ulegevu zaidi kuliko salfa, lakini inachagua mkao wake, hivyo majibu yanakusanyika badala ya kutapakaa. Nilipolisoma hilo nilirudia mara mbili, maana mezani kwetu tumezoea kwamba kinachoshika sana ndicho bora. Dawa ya tatu ni kuacha dhahabu kabisa na kuunganisha kaboni kwa kaboni kwenye grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja. Nitairudia mbele.

Niseme na langu. Chati ya maelfu ya vipimo inamtosha mwanasayansi anayetaka kujua molekuli hii inapitishaje umeme. Mjenzi wa kompyuta hawezi kutumia chati. Yeye anataka hii hapa, na ile pale, na bilioni nyingine zifanane leo na mwakani.

Dalili: inapitisha umeme kupita kiasi

Shoti. Hii inawapata wanaotandaza molekuli nyingi kama zulia la unene wa molekuli moja juu ya metali, kisha wakataka kuweka metali nyingine juu. Metali ya juu huja kama mvuke wa moto, na atomu zake hupita kwenye vitundu vya zulia hadi zikagusa chini. Ukimwaga zege juu ya nyasi usishangae ukilikuta limegusa udongo. Miaka mingi vifaa vingi vya namna hii viliishia kuwa shoti tupu.

Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi, Hylke Akkerman akiwa mmojawapo, walitandaza kwanza plastiki inayopitisha umeme juu ya zulia, halafu ndipo metali. Shoti zikapungua mno, hata kwenye vifaa vyenye upana wa mikromita 100. Kundi la George Whitesides wa Harvard lilitumia tone la mchanganyiko wa galiamu na indiamu, metali ambayo ni kimiminika kwenye joto la chumba, likashushwa juu ya zulia taratibu. Njia zote mbili ni za akili. Ila ukishatandaza plastiki unapima molekuli mabilioni kwa pamoja, na swali la kijana wangu lilikuwa la molekuli moja.

Dalili: swichi inafanya kazi vizuri, lakini si yako

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu hapa mita inasema kweli na fundi anadanganyika.

Mwaka 1999 Patrick Collier, James Heath, Fraser Stoddart na wenzao walionyesha malango ya mantiki, yaani vifaa vinavyojibu "ndiyo" au "hapana" kulingana na ishara zinazoingia, yaliyotumia molekuli za rotaksani. Hebu ifikirie kama bangili iliyovishwa kwenye kijiti chenye vichwa vinene pande zote mbili, isiweze kuchomoka. Mwaka 2007 Heath na Stoddart wakaja na kumbukumbu ya biti 160,000 zilizosongamana mno, ambapo molekuli za jamii hiyo ziliwekwa kwenye kila makutano ya nyaya, bangili ikitarajiwa kuhama kutoka kituo kimoja cha kijiti kwenda kingine. Biti nyingi zilikuwa mbovu, na wenyewe walisema hivyo waziwazi.

Katikati ya hapo, mwaka 2004, watafiti wa HP walifanya jambo ambalo kila fundi angepaswa kulifanya. Kwenye vifaa vyenye platini chini na titani juu, waliondoa molekuli zenye bangili wakaweka asidi ya mafuta ya kawaida, mnyororo wa kaboni 20 usio na kitu cha kuhama. Swichi ikaendelea kuwaka na kuzima kama kawaida. Maana yake kilichokuwa kikijibu kwenye vifaa hivyo hakikuwa molekuli bali mahali metali inapokutana nayo.

Chanzo kinaeleweka ukipiga hesabu. Volti moja juu ya pengo la nanomita moja ni sawa na volti bilioni moja kwa mita. Hewa ya kawaida hupasuka na kutoa cheche kwenye volti milioni tatu kwa mita. Kwenye msukumo mkubwa namna hiyo atomu za metali zinaweza kung'oka na kuota uzi kwenye pengo. Uzi ukiunganika swichi imewaka, ukikatika imezima, na anayesoma mita upande wa pili anaandika kwamba bangili imehama.

Dawa: weka molekuli bubu. Kila kifaa unachokipima kiwe na pacha asiye na kipande kinachodaiwa kufanya kazi. Pacha akijibu sawasawa na mwenzake, kazi yako imerudi mwanzo. Mezani tunafanya hivyo kila siku: ukishuku betri, weka betri nyingine unayoiamini, tatizo likibaki, betri haina kosa.

(Kundi la HP halikutupa walichokiona. Stanley Williams na wenzake waliendelea kuuchunguza huo uhamaji wa ndani ya metali na oksidi, na mwaka 2008 wakatangaza kifaa cha oksidi ya titani walichokiita memrista. Molekuli haimo.)

Dalili: grafu nzuri kupita kiasi

Fupi, lakini usiiruke. Mwaka 2001 Jan Hendrik Schön wa maabara ya Bell Labs, Marekani, alitoa makala mfululizo, mojawapo ikidai transista za molekuli zinazofanya kazi vizuri kuliko mtu yeyote alivyowahi kuona. Waliojaribu kurudia walishindwa. Kisha Lydia Sohn na Paul McEuen wakagundua kwamba grafu za majaribio tofauti zilikuwa na kelele, yaani mitetemo ya bahati nasibu ya kipimo, zile zile, kilima kwa kilima. Kelele hazifanani kamwe, kama mvua mbili zisivyoweza kupiga bati kwa mdundo mmoja. Tume iliyoongozwa na Malcolm Beasley ilitoa ripoti Septemba 2002: udanganyifu kwenye kesi 16, na data ghafi hazikuwepo. Utetezi mmoja ulikuwa kwamba diski ya kompyuta haikuwa na nafasi. Nimeshausikia utetezi huo kutoka kwa wateja wengi, ila wao walipoteza picha za harusi.

Dawa: omba daftari na data ghafi kabla hujatumia miaka yako miwili kurudia kazi ya mtu.

Dalili: inazima, haiwaki tena

Kuna molekuli zinazobadili umbo kwa mwanga. Zile za jamii ya diariletini zina pete katikati inayofunguka kwa mwanga wa kawaida na kufunga kwa urujuanimno. Imefunga, umeme unapita. Imefunguka, umeme unazuiwa. Swichi ya mwanga, safi kabisa, na ndani ya chupa ya maabara inakwenda na kurudi bila shida.

Mwaka 2003 watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliiunganisha kwenye ncha mbili za dhahabu. Wakapiga mwanga, ikazima. Wakapiga urujuanimno iwake, wapi. Molekuli haikuwa imekufa; dhahabu ndiyo iliyokuwa inainyang'anya nguvu ya mwanga kabla haijapata muda wa kuitumia kufunga pete. Kiungo kilikuwa kimebana mno. Kwa hiyo tumeona kiungo kilicholegea kikiharibu, na hapa tunaona kiungo kilichobana kikiharibu vilevile.

Dawa ilichukua miaka mingi. Mwaka 2016 kundi la Xuefeng Guo wa Chuo Kikuu cha Peking na wenzao walitumia grafini badala ya dhahabu, wakaichomekea molekuli kwa vifungo vya kikemia vya kudumu, na wakaweka vipande vidogo vya kaboni na hidrojeni kati ya molekuli na grafini ili kuipa nafasi ya kupumua. Safari hii iliwaka na kuzima kwa mwanga zaidi ya mara 100, vifaa 46 vikakubali, na vilidumu zaidi ya mwaka. Kwa kijana aliyezoea simu inayofanya mabilioni ya mahesabu kwa sekunde, mara mia si kitu. Kwa anayejua ilikotoka, ni kazi ya kuvulia kofia.

Dalili: inafanya kazi kwenye baridi tu

Mwaka 1989 Don Eigler wa IBM aliandika herufi tatu za jina la kampuni yake kwa atomu 35 za zenoni, akizisukuma moja moja. Picha hiyo imezunguka dunia. Kisichosemwa sana ni kwamba ilifanyika kwenye nyuzi kama 269 chini ya sifuri. Usiku mkali kileleni Uhuru hushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na tunaokaa chini ya mlima tunaona hiyo ndiyo baridi. Joto likipanda zenoni zinatawanyika.

Ndugu wa kazi hiyo ni mnyororo wa molekuli za kaboni monoksidi wa mwaka 2002, wa Andreas Heinrich, Eigler na wenzao. Molekuli zilipangwa juu ya shaba kama dhumna: ukiisukuma ya kwanza zote zinaanguka kwa zamu, na palipo na makutano zinafanya mantiki. Walijenga kifaa kizima chenye nanomita 12 kwa 17. Kikishaanguka, kimemaliza. Kukisimamisha tena ni kurudisha kila molekuli kwa sindano, kazi ya saa nyingi. Nilimwambia kijana hiyo ni kompyuta ya matumizi ya mara moja, kama kiberiti.

Dalili: lango la kwanza linajibu, la tatu halisikii

Tuseme viungo vimekaa, swichi ni ya kweli, joto ni la kawaida. Unaunganisha swichi tatu mfululizo. Ya kwanza inatoa jibu zuri, ya pili jibu la kunong'ona, ya tatu kimya.

Baba yangu mdogo anakaa Kibosho, na migomba yake inategemea mfongo, yaani mfereji wa maji, unaotoka juu msituni. Siku ya zamu yake nilikuwa nikipanda kumsaidia kufungua kizibo cha udongo na majani. Mfongo ukipita kwa majirani wawili waliokwisha kuchepusha, kinachofika kwetu kinalowesha tu mchanga, hata guu halizami. Yeye hupita akiziba mipasuko kwa jembe, lakini hakuna jembe linaloongeza maji. Mfongo unagawa, hauongezi.

Molekuli nyingi tulizozitaja ni za miguu miwili: umeme unaingia huku, unatoka kule. Kifaa cha miguu miwili cha namna hii kinaweza kupitisha au kuzuia, hakiwezi kukuza. Kila hatua inakula sehemu ya ishara na hakuna pa kuirudishia. Hata kugeuza ishara, yaani kutoa "hapana" pale panapoingia "ndiyo", kwa diodi peke yake haiwezekani. Transista ya silikoni ilishinda kwa sababu ina mguu wa tatu: ishara dhaifu inafungua bomba, lakini maji yanayotoka ni ya tenki jingine, mapya, yenye msukumo kamili. Kila lango linaanza upya.

Basi tuiwekee molekuli mguu wa tatu. Hapo ndipo inapouma. Mguu huo huitwa geti, na geti lazima likae karibu sana na molekuli ili lisikike, na katikati pawepo kizuizi kisichovuja. Molekuli ina nanomita moja, kizuizi kina nanomita mbili au tatu, na pande zote mbili zimesimama ncha za metali kubwa kuliko molekuli mara nyingi. Metali inaukinga ushawishi wa geti. Ni kama ndama aliyesimama katikati ya ng'ombe wawili, nawe unajaribu kumwita kwa mkono kutoka nyuma yao. Mwaka 2009 Hyunwook Song, Takhee Lee, Reed na wenzao walifanikiwa kuonyesha geti likihamisha viwango vya nishati vya molekuli moja, na makala yao ilitoka kwenye Nature. Imethibitika kuwa inawezekana. Lakini geti linalosogeza umeme kidogo si sawa na geti linalokuza ishara ya kutosha kuendesha malango mengine matatu, na hilo la pili ndilo kompyuta inalolihitaji.

Dalili: molekuli ni ndogo, kifaa ni kikubwa

Hapa sina mengi. Molekuli ya nanomita moja inahitaji waya, na waya haujawa nanomita moja. Silikoni nayo haijasimama kusubiri. Lile jina la "nanomita 3" kwenye chipu za kisasa ni la biashara. Umbali halisi kati ya geti na geti ni karibu nanomita 50, lakini zinapangika kwa mabilioni bila kukosea. Chipu ya Apple M1 ya mwaka 2020 ina transista bilioni 16.

Piga hesabu ya ubovu. Ukiwa na vifaa 1,000 na kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 99.9 kuwa kizima, uwezekano wa vyote kuwa vizima ni kama asilimia 37. Vikiwa milioni, sahau.

Njia ya kuzunguka ipo, na ilijaribiwa kwenye silikoni yenyewe. HP walijenga kompyuta iliyoitwa Teramac kwa makusudi ikiwa na chipu mbovu. Mwaka 1998 Heath, Philip Kuekes, Gregory Snider na Williams walieleza kwamba ilikuwa na kasoro 220,000 na bado ilifanya kazi. Siri ni nyaya nyingi za ziada, na programu inayopima kila njia, inayochora ramani ya mabovu na kupitisha kazi pembeni. Baba mdogo anafanya hivyo kila mwaka baada ya masika: mfongo uliobomoka hauchimbi upya, anapitisha maji kwa mfereji wa zamani. Sharti ni kwamba njia za ziada ziwepo, na njiani pawepo kitu cha kukuza ishara. Tumerudi kwenye mguu wa tatu.

Kama kompyuta yako imo ndani ya chupa

Kijana hakuniacha. "Na ile ya DNA je, fundi? Ile haina viungo vya dhahabu."

Kweli haina. Mwaka 1994 Leonard Adleman alitatua fumbo la njia inayopita kwenye vituo saba, kila kimoja mara moja tu, kwa kuacha vipande vya DNA vishikane vyenyewe ndani ya mirija. Mahesabu yalimchukua kama siku saba za kazi ya maabara. Mwaka 2011 Lulu Qian na Erik Winfree walitengeneza mzunguko wa vipande 130 vya DNA unaotafuta kipeuo cha pili cha namba ndogo. Dalili ya ugonjwa wake ni kuvuja: vipande vinashikana bila kuitwa, ishara ya "hapana" inapanda polepole hadi inafanana na "ndiyo". Wao walitia vipande vya kizingiti vinavyomeza uvujaji mdogo kabla haujafika mbali, na malango yao yanakuza ishara, maana ndani ya chupa mna akiba ya vipande vya kutosha. Kwa hiyo mguu wa tatu wanao. Wasichonacho ni mwendo: jibu linatoka baada ya saa kadhaa.

Kijana akafikiri kidogo, jicho likiwa kwenye hadubini. "Saa kadhaa? Yule mama wa simu alisema anarudi baada ya kununua ndizi."